Fungu la Aliyebaki Pwani

Wavuvi wa mshipi wanajua tabia ya chewa. Samaki huyu hawindi kwa kukimbiza. Hukaa mlangoni mwa pango lake akingoja, na akishameza ndoano hukimbilia kurudi ndani na kujibana kwenye mawe. Ndiyo maana mvutano kati yake na mvuvi huamuliwa mapema, kabla mtu hajahesabu kumi. Ukimwinua kutoka mwambani mara moja, ni wako. Ukichelewa, unabaki na mshipi uliokatika.

Kwa miaka mingi sikuchelewa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Kinondoni, na Jumamosi zangu nilizitumia baharini na rafiki yangu, mvuvi wa Kunduchi, katika ngalawa ya ukoo wake. Nilipostaafu, siku ziliongezeka zikawa tatu kwa wiki. Halafu, nikiwa na miaka 63, nikaanza kuchelewa. Kwa chewa wa kwanza niliulaumu mshipi. Kwa wa pili nililaumu ndoano. Kwa wa tatu nilijua kwamba ni vidole vyangu, lakini sikumwambia mtu.

Swali ninalotaka kulitafakari hapa linaonekana dogo: mtu anayependa kazi fulani afanye nini mwili unapoanza kumkatalia? Wengi huligeuza kuwa swali la ujasiri, kwamba aendelee au aache. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba kwanza ni swali la ukweli, na baada ya hapo ni swali la mgawo. Nitaeleza nilivyofika hapo, na sitajipendelea.

Ilikuwa Julai, msimu wa kusi. Tulikuwa watatu: nahodha, ambaye ni rika langu; mjukuu wake, kijana wa miaka 22; na mimi. Tulikuwa tumetia nanga juu ya mwamba ulio nje ya kisiwa cha Mbudya, mbali na mipaka ya hifadhi, kwenye kina cha pima sita hivi. Alfajiri bahari ilikuwa imetulia, lakini ilipokaribia saa nne upepo ulichacha na mawimbi yakaanza kutoa povu. Nahodha akasema tung'oe nanga turudi. Kazi ya nanga ilikuwa yangu. Hakuna aliyenipangia, niliichukua mwenyewe nilipokuwa na nguvu, nayo ikabaki yangu.

Nikaishika kamba nikavuta. Vidole havikufunga. Kamba ikateleza viganjani. Nikajaribu tena, na nahodha akageuka kunitazama. Hapo ndipo niliposema neno ambalo mpaka leo linanisuta: "Nanga imenasa."

Haikuwa imenasa. Nilijua hivyo, kwa sababu nilishaisikia ikicheza kule chini. Lakini kijana aliamini, kwa kuwa mimi ni mwalimu, tena ndiye niliyemfundisha kusoma. Akavua shati, akajitosa majini, akaifuata kamba mpaka chini. Alipokuwa huko ngalawa ililalia upande, wimbi likaingia, nahodha akaanza kuchota maji kwa kopo, na mimi nimekaa nimeshika kamba isiyokuwa na tatizo lolote. Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko zote ninazozikumbuka. Kijana akaibuka, akapumua, akasema, "Haijanasa, Mwalimu." Akapanda, akaivuta nanga, ikaja.

Hakuna aliyesema kitu mpaka tulipoivuta ngalawa mchangani. Nahodha alipokwenda kutafuta mnunuzi, kijana akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini ili nisiaibike: "Mwalimu, ungesema tu mikono imechoka. Ningevuta mimi."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Kijana hakunilaumu kwa kuzeeka. Hakusema nisije tena baharini. Aliona kosa langu mahali pake hasa. Udhaifu wangu ungemgharimu yeye nguvu kidogo za mikono. Uongo wangu ulimpeleka chini ya bahari yenye mawimbi. Sikuwa na hatia ya kuwa na miaka 63. Nilikuwa na hatia ya kuhatarisha mtoto wa watu ili nisionekane mzee.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hiyo humwonya mgonjwa juu ya kilio cha nyumbani kwake. Siku ile kilio kingekuwa cha nyumba nyingine.

Wapo watakaosema kwamba mimi nilikosea kwa kuwa tulikuwa watatu, na kwamba mzee anayevua peke yake ana haki ya kuamua hatari yake mwenyewe. Niliwahi kusema hivyo nami. Lakini ye yote aliyekaa Kunduchi, au Mjimwema kule Kigamboni, ameona inavyokuwa chombo kinapochelewa. Jua likishazama, watu husimama ufukweni wakitazama nje. Kisha wengine, waliokwisha kurudi na kuchoka, husukuma tena vyombo vyao na kuchoma petroli yao wakamtafute mtu aliyesema kwamba hatari ni yake peke yake. Baharini hakuna anayevua peke yake. Kuna anayejua nani atamtafuta, na kuna ambaye hajafikiri.

Baada ya siku ile nilikaa nyumbani wiki kadhaa nikisoma Maandiko, nikitafuta upande wangu. Nilimpata Kalebu. Alikuwa na miaka 85 alipomwendea Yoshua akaomba apewe nchi ya milima ya Hebroni, ambako kulikuwa na miji yenye maboma na watu wa kuogopwa, akitangaza kwamba bado ana nguvu zile zile za ujana wake. Nikafurahi. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Miaka 85." Mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akinifunga vifungo vya shati la ibadani tangu mwaka uliopita, hakunijibu.

Kisha, katika kitabu cha pili cha Samweli, nikakutana na Barzilai Mgileadi. Huyu alikuwa na miaka 80. Alimlisha Daudi kule Mahanaimu wakati wa uasi wa Absalomu, na vita vilipokwisha mfalme alimwalika aende Yerusalemu akaishi karibu naye. Ilikuwa heshima kubwa. Mzee akaikataa kwa kueleza hali ya mwili wake waziwazi: chakula hakina ladha kinywani mwake, waimbaji hawasikii vizuri, naye hataki kuwa mzigo kwa mfalme. Alivuka mto na mfalme mwendo mfupi, mfalme akambusu, naye akarudi kwake. Badala yake akaenda Kimhamu.

Biblia haimlaumu hata mmoja kati ya hao wawili. Haisemi kwamba Kalebu alikuwa na kiburi, wala kwamba Barzilai alipungukiwa na imani au hakuomba vya kutosha. Nalisema hili kwa sababu makanisani mwetu imeingia tabia ya kumwona mzee anayekiri udhaifu kama mtu aliyeacha kumwamini Mungu. Nami niliombewa mikono yangu, na ninawashukuru walioniombea. Mikono haikurudi kama zamani. Nilichopewa ni ujasiri wa kusema kwamba haijarudi, na sikupewa kwa haraka.

Kalebu alisema kweli kuhusu mwili wake, na Barzilai alisema kweli kuhusu wake. Mmoja aliendelea, mwingine akaacha, na wote wawili wakaheshimika. Kosa langu lilikuwa la tatu, ambalo halimo kwa Kalebu wala kwa Barzilai: nilijifanya Kalebu nikiwa na mikono ya Barzilai.

Nikaenda kwa nahodha nikamwambia kila kitu. Tulikuwa tumekaa chini ya mkungu, yeye akishona tanga. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha sindano. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi jioni sioni. Huu mwaka wa pili." Jua likishashuka, alisema, huuona ufuko kama moshi tu, na njia ya kupita kati ya mawe huiendea kwa kusikiliza mjukuu wake anavyozungumza. Kijana mwenyewe hakuwa ameambiwa. Basi ndivyo tulivyokuwa tukienda baharini: wazee wawili, kila mmoja akimficha mwenzake, na kijana katikati akidhani amefuatana na wanaume wawili wazima.

Tulicheka siku ile, lakini si kwa furaha.

Tangu hapo tumebadili uvuaji wetu, na mabadiliko yenyewe si makubwa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mkondo huvuta mshipi hata ukahitaji chubwi nzito. Siku hizo tunawaachia vijana. Mimi huenda wakati wa maji mafu, katikati ya miezi hiyo miwili, mkondo unapolegea na chubwi nyepesi inatosha. Tunatoka alfajiri na kurudi kabla upepo haujachacha. Mwamba wa chewa nimeuaga. Sasa ninatafuta changu na tasi kwenye maji mafupi zaidi, samaki ambao hawamdai mzee nguvu zake zote mara moja. Vidole nimevivisha vipande vya tyubu ya baiskeli ili mshipi usinikate. Ndoano kumi na mbili nazifunga nyumbani usiku, nikiwa na miwani na taa nzuri, ili nisihangaike kupitisha uzi kwenye tundu ngalawa ikiyumba. Ninakaa juu ya boksi fupi na sisimami ovyo, kwa sababu nikiinuka ghafla dawa za presha hunipa kizunguzungu. Maji ya kunywa ninakunywa kwa saa, si kwa kiu, maana mwili wa mzee huchelewa kuhisi kiu. Nanga ni ya kijana.

Badiliko moja nalihesabu kuwa kubwa kuliko hayo yote. Lugha yetu ina adabu ya kuanza na "sijambo" hata mtu akiwa na jambo. Mgonjwa aliyelala kitandani husema hajambo kwanza, ndipo aingie kwenye homa yake. Ni adabu njema. Humwandaa mgeni na kumpa mgonjwa heshima yake. Lakini mimi niliigeuza kuwa maficho. Nilisema sijambo, na sikufika kamwe kwenye jambo lenyewe. Sasa, kabla hatujaisukuma ngalawa, kila mmoja wetu husema mwili wake umeamkaje, na hapo tumekubaliana kuanza na jambo. "Bega la kushoto leo halipandi." "Macho yana ukungu." Hata kijana husema, "Sikulala vizuri, mtoto alikuwa na homa." Hilo la mwisho lilinishangaza. Nilidhani wenye mwili wa kuhesabiwa ni wazee tu. Kumbe uzee wetu ulimfungulia hata yeye mlango wa kusema.

Ningependa kuishia hapa. Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimesema nusu, na nusu iliyo rahisi.

Mimi ninayo pensheni. Ni ndogo na huchelewa kutosha, lakini ipo. Nikikosa samaki nimekosa furaha na kitoweo. Nilipoficha mikono yangu niliificha kwa aibu. Nahodha alipoficha macho yake aliyaficha kwa ajili ya unga. Yeye amevua tangu utotoni na hakuwahi kuwa na mwajiri wa kumwekea akiba. Baharini mapato hugawanywa kwa mafungu: yakishaondolewa matumizi, kuna fungu la chombo na kuna mafungu ya waliokwenda. Asiyekwenda hana fungu. Kwa hiyo unapomwambia mzee kama huyo, "Babu, sema kweli kuhusu macho yako," unamwambia atie saini ya kukosa chakula. Ni rahisi kuhubiri ukweli kwa mtu ambaye ukweli haumgharimu mlo.

Na ndivyo ilivyotokea. Nahodha alipowaambia vijana wa ukoo wanaovua naye siku nyingine za wiki kwamba hawezi tena kutoka nao usiku, walimheshimu sana. Walimwambia apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Ilipofika siku ya kugawa, wakasema babu apelekewe kitoweo. Kitoweo ni samaki wawili watatu wa sufuria. Fungu ni fedha ya mtu mwenye haki. Tofauti ya maneno hayo mawili kila mtu wa pwani anaielewa.

Hapa nilikumbuka habari ya kijito cha Besori, katika sura ya 30 ya kitabu cha kwanza cha Samweli. Waamaleki walikuwa wameuchoma mji wa Siklagi na kuchukua wanawake na watoto. Daudi aliwafuata akiwa na watu 600. Walipofika Besori, 200 walikuwa wamechoka kiasi cha kushindwa kuvuka, wakabaki na vyombo. Wale 400 wakaenda, wakapigana, wakarudi na kila kitu pamoja na nyara. Ndipo baadhi yao wakasema kwamba waliobaki wasipewe nyara. Kila mmoja achukue mke wake na watoto wake, aende zake. Kwa maneno ya kwetu: wapewe kitoweo. Daudi akakataa. Akaamua kwamba aliyeshuka vitani na aliyebaki kulinda vyombo wapate sawa, na uamuzi huo ukawa sheria katika Israeli.

Nilikuwa nimezoea kuielewa habari hii kama sifa kwa walinzi: waliobaki nao walifanya kazi, basi wanastahili. Hoja hiyo inapendeza, nami niliitumia kwa vijana. Niliwaambia kwamba babu akiwa pwani atashona tanga, atatazama mawingu, atawaambia upepo unakogeukia. Mmoja wao akanijibu kwa adabu kwamba utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa anaupata kwenye simu, na mwamba anaupata kwa jipiesi. Sikuwa na jibu. Ni kweli. Sisi tuliupata mwamba kwa kulinganisha kilima cha Wazo na minazi ya ufukweni, na minazi mingi imekatwa, imekuwa kuta za hoteli na nyumba. Tunasema penye wazee haliharibiki neno, nami naamini hivyo. Lakini ukijenga haki ya mzee juu ya manufaa yake, siku manufaa yakiisha haki nayo imekwisha.

Nilirudi kusoma tena, nikaona kwamba Daudi hakujenga hapo. Hakuanza kwa kuwasifu walinzi. Alianza kwa kusema nyara zimetoka wapi: Bwana ndiye aliyewapa, na ndiye aliyewalinda. Hoja yake yote imesimama juu ya hilo. Kama ushindi ungekuwa jasho la wale 400 peke yao, basi wana haki ya kuugawa wapendavyo. Kama ni zawadi, aliyechoka kijitoni hajapungukiwa na haki ya zawadi kuliko aliyevuka.

Wavuvi ndio watu ambao wangepaswa kulielewa hili kabla ya wengine. Mkulima hupanda, mvuvi hakupanda kitu. Kuna siku watu wawili wenye nguvu sawa, chambo kimoja na mwamba mmoja, mmoja hurudi na kapu limejaa na mwingine hana kitu. Wavuvi wenzangu wengi ni Waislamu, na neno la kwanza wanalolisema baada ya kuuliza bahari ilikuwaje ni kumshukuru Mungu kwa riziki. Hatusemi tumetengeneza riziki, tunasema tumeipata. Sasa, mtu anayekiri kwa kinywa kwamba samaki ni riziki, akamnyima fungu mzee aliyebaki pwani, kwa mkono wake amesema kwamba samaki ni mali yake. Kwa hiyo fungu la aliyebaki si sadaka tu tunayompa mzee. Ni namna ya kuungama samaki ni wa nani.

Mabishano yalichukua wiki mbili. Sikuyashinda mimi. Yule mjukuu aliyezamia nanga isiyonasa ndiye aliyesema mbele ya wenzake kwamba ni afadhali amlipe babu fungu akiwa pwani kuliko amfuate usiku katika mawe babu akijifanya anaona. Wakakubaliana hivi: siku njema fungu kamili, siku mbaya nusu. Haijafika kwenye sheria ya Besori, lakini imepita kitoweo. Na jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba baada ya hapo mzee mwingine wa ukoo ule ule alisema goti lake halimwezeshi tena kuruka majini. Alikuwa na goti hilo kwa miaka mingi. Alikuwa anangoja kuona nahodha atafanywa nini.

Ndiyo maana nasema kwamba ukweli wa mzee ni jukumu la mzee, lakini pia ni jukumu la wale watakaousikia. Tukimwandalia mtu njaa kwa kusema kweli, tusishangae akisema nanga imenasa. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kulipa pensheni jamii kwa wakazi wenye miaka 70 na zaidi, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi. Lakini mwenye hakika ya 20,000 anaweza kusema kweli mapema kidogo kuliko asiye na hakika ya kitu. Huku Bara tunayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mtu kuwa mzee tangu miaka 60. Sera ni jambo jema, lakini haifiki ufukweni kwa miguu yake. Kanisa laweza kufika. Jumapili ya mavuno tunapokea kwa nyimbo vile vilivyoletwa. Tungeweza pia kuuliza nani hakuleta mwaka huu aliyekuwa akileta, na kwa nini. Na tukimkuta, tumpelekee fungu, tusimpelekee kitoweo.

Daudi mwenyewe alikuja kuyahitaji yale aliyoyaamua. Miaka mingi baadaye, akipigana na Wafilisti, alichoka vitani. Adui mmoja alikaribia kumwua, na Abishai akamwokoa. Watu wake wakamwapia kwamba hatatoka nao tena kupigana, asije akaizima taa ya Israeli. Aliyeweka sheria kwa ajili ya waliochoka naye akachoka. Hatusomi kwamba alibishana nao. Ninapenda kudhani kwamba alikumbuka kile kijito.

Nimalizie na mvuvi. Katika sura ya mwisho ya Injili ya Yohana, Petro yuko chomboni baada ya usiku wa kukosa. Aliposikia kwamba aliyesimama ufukweni ni Bwana, alijifunga vazi lake akajitupa baharini. Kisha akapanda chomboni, akauvuta mpaka nchi kavu wavu wenye samaki wakubwa 153. Ni asubuhi ya mikono yenye nguvu. Na ni asubuhi hiyo hiyo, baada ya kula, Yesu alipomwambia kwamba ujanani alijifunga mwenyewe na kwenda alikotaka, lakini akiisha kuwa mzee atanyosha mikono yake na mwingine atamfunga. Najua kwamba Injili yenyewe inaeleza kuwa hapo palionyeshwa kifo ambacho Petro angemtukuza Mungu kwacho, na sitaki kuyapunguza maneno hayo yawe habari ya vidole vyangu. Lakini picha aliyopewa ni ya mzee anayevishwa na mtu mwingine. Na wito wa kumfuata Bwana ulikuja baada ya habari hiyo, haukuja kabla yake. Petro hakuitwa kwa ahadi kwamba ataendelea kuruka baharini. Aliambiwa kwanza mikono yake itafika wapi, ndipo akaitwa.

Jumamosi iliyopita yalikuwa maji mafu. Tulikuwa kijana na mimi. Nahodha alibaki pwani, na fungu lake lilikuwa limekwisha kuhesabiwa kabla hatujatoka. Jaketi la kujiokolea lina vifungo vitatu vya plastiki ambavyo siku hizi siviwezi. Nilisimama mchangani nikanyosha mikono, kijana akanifunga, kimoja kimoja, akavuta mkanda kuona kama umekaza. "Umeamkaje, Mwalimu?" akaniuliza. Nikamwambia: mkono wa kulia haufungi vizuri, mengine salama. Akasema haya, twende.

Tulipata changu saba na tasi mmoja. Yeye ndiye aliyeivuta nanga.